Mafumbo ya umbali, mwendokasi na muda: jinsi ya kutoa mlinganyo kwenye maneno

Mwanafunzi anayekwama kwenye maswali ya mwendokasi mara nyingi hajashindwa aljebra. Mpe 75x + 60(x − 1.5) = 450, ataitatua kwa mistari minne. Mpe basi lililotoka Dar es Salaam na lori lililotoka Dodoma, ataanza kubahatisha: anagawanya namba ya kwanza kwa ya pili, akiona desimali ndefu anafuta na kuzidisha. Ugumu uko kwenye safari ya kutoka maneno hadi mlinganyo, na ndiyo maana mwongozo huu unakaa huko kwa muda mrefu. Ukiweza kufungua mabano na kutatua mlinganyo wa herufi moja, una mtaji wa kutosha. Kipeo cha pili kitakuja mbele kidogo.

Kanuni ni moja

Umbali = mwendokasi × muda.

Ukitaka muda, gawanya umbali kwa mwendokasi. Ukitaka mwendokasi, gawanya umbali kwa muda. Basi. Ile pembetatu inayochorwa ubaoni kukumbusha sura hizi tatu inafaa kwa swali la gari moja na safari moja. Yakiwa magari mawili, au safari ya kwenda na kurudi, pembetatu haikwambii chochote kuhusu namna safari moja inavyohusiana na nyingine, na siri ya fumbo imefichwa hapohapo.

Swali linaposema basi linakwenda kilomita 75 kwa saa, maana yake ni wastani wa safari nzima, pamoja na kusimama mizani na kushusha abiria. Kwa basi la abiria Tanzania, ambalo kikomo chake barabarani ni kilomita 80 kwa saa, wastani wa 75 ni ukarimu mkubwa. Watunga maswali huchagua namba zinazogawanyika vizuri, na hapa pia tutafanya hivyo.

Muda: sehemu inayoharibu majibu mengi

Makosa mengi yanaanzia hapa kuliko kwenye aljebra yenyewe. Saa 1 na dakika 20 si 1.20. Saa ina dakika 60, kwa hiyo dakika 20 ni 20/60, yaani 1/3 ya saa. Kabla hujaandika mlinganyo wowote, geuza dakika zote kuwa sehemu ya saa:

- dakika 10 = 1/6
- dakika 12 = 1/5 (0.2)
- dakika 15 = 1/4 (0.25)
- dakika 20 = 1/3
- dakika 24 = 2/5 (0.4)
- dakika 36 = 3/5 (0.6)
- dakika 40 = 2/3
- dakika 45 = 3/4 (0.75)
- dakika 50 = 5/6

Dakika 20, 40, 10 na 50 ziache kama sehemu. Ukiandika 0.33 mahali pa 1/3, jibu litatoka na mkia wa desimali na hutajua kama umekosea njia au umekadiria tu. Kurudi kwenye dakika, zidisha desimali kwa 60: saa 0.35 ni dakika 21, wala si dakika 35.

Mita kwa sekunde ni kipimo cha maswali ya treni na wakimbiaji. Kilomita moja kwa saa ni mita 1,000 katika sekunde 3,600, kwa hiyo kutoka km/saa kwenda m/s unagawanya kwa 3.6, na kurudi unazidisha kwa 3.6. Kwa hiyo 54 km/saa ni 15 m/s, 72 ni 20, na 90 ni 25. Hizo tatu zinarudi mara nyingi kwenye mitihani, zikariri.

Halafu kuna saa zetu wenyewe. Basi likiondoka saa 11:00 alfajiri na kufika saa 5:00 asubuhi, anayetoa 11 − 5 anapata 6, na kwa bahati hilo ni jibu sahihi, lakini njia yake ni mbovu. Likiondoka saa 10:00 alfajiri na kufika saa 5:00, njia hiyo inatoa 5 ilhali safari imechukua muda wa saa 7. Namna salama ni kuhesabu hadi saa 12 kwanza, kisha kuongeza kilichobaki: kutoka 10:00 hadi 12:00 ni 2, kutoka 12:00 hadi 5:00 ni 5, jumla 7. Safari inayovuka 12 asubuhi na 12 jioni unaivunja mara mbili. Kama ratiba imeandikwa kwa mtindo wa 22:00, chagua mtindo mmoja na uugeuze wote kabla ya kutoa. Swali likivuka mpaka, kwa mfano kutoka Kampala kwenda Kigali, kumbuka Rwanda iko nyuma ya Uganda kwa saa moja: tofauti ya saa za ukutani itakuwa pungufu ya muda halisi wa safari kwa saa 1.

Na swali linaposema "saa 4", jiulize: ni saa ya ukutani au ni urefu wa muda? Kwenye daftari andika "muda = 4" kwa urefu, na "4:00 asb" kwa saa ya ukutani. Hii inaokoa alama.

Jedwali la safari

Soma swali lote mara moja bila kalamu. Hesabu safari ziko ngapi. Gari moja likienda na kurudi ni safari mbili. Mtu akitembea kisha akapanda daladala, ni safari mbili pia. Kila safari inapata mstari wake, na kila mstari una nafasi tatu: mwendokasi, muda, umbali.

Jaza namba zilizotolewa wazi. Kisha chagua kitu kimoja usichokijua, kiite x, na uandike pembeni kwa maneno x ni nini na kwa kipimo gani: "x = muda wa basi tangu lilipoondoka, kwa saa". Mwanafunzi asiyeandika sentensi hiyo ndiye anayefika mwisho na x = 4 asijue kama amepata saa, kilomita au jibu la swali.

Nafasi ya pili inajazwa kwa kutumia x, na nafasi ya tatu haijazwi kwa kusoma swali, inajazwa kwa kanuni. Kama una mwendokasi na muda, umbali ni kuzidisha. Kama una umbali na mwendokasi, muda ni kugawanya.

Sasa rudi kwenye swali utafute sentensi ambayo bado hujaitumia. Ndiyo mlinganyo wako. Daima inahusu ile nafasi ya tatu uliyoijaza kwa kanuni: kama ulijaza umbali kwa kanuni, sentensi itakuwa inasema umbali huo unalingana, au unajumlika kuwa kitu fulani. Kama ulijaza muda, sentensi itasema muda mmoja umezidi mwingine, au jumla yake ni kiasi fulani.

Kukutana njiani

Basi linatoka Dar es Salaam saa 12:00 asubuhi kwenda Dodoma kwa wastani wa 75 km/saa. Lori linatoka Dodoma saa 1:30 asubuhi kwenda Dar es Salaam kwa 60 km/saa. Barabara ina kilomita 450. Watakutana saa ngapi, na umbali gani kutoka Dar es Salaam?

Safari ni mbili. x = muda wa basi tangu lilipoondoka hadi kukutana, kwa saa. Lori limeanza baadaye kwa saa moja na nusu, kwa hiyo wanapokutana limetembea muda mfupi zaidi.

| | Mwendokasi | Muda | Umbali |
|---|---|---|---|
| Basi | 75 | x | 75x |
| Lori | 60 | x − 1.5 | 60(x − 1.5) |

Sentensi iliyobaki ni urefu wa barabara. Wanatoka pande tofauti wakielekeana, na wakikutana, vipande viwili walivyotembea vinajaza barabara nzima:

75x + 60(x − 1.5) = 450
75x + 60x − 90 = 450
135x = 540
x = 4

Basi limetembea muda wa saa 4, yaani wanakutana saa 4:00 asubuhi. Umbali kutoka Dar es Salaam ni 75 × 4 = kilomita 300, mahali fulani kati ya Morogoro na Dodoma. Hakiki kwa lori: 60 × 2.5 = 150, na 300 + 150 = 450. Sawa.

Kosa linaloonekana kila mwaka ni kuandika x + 1.5 kwa lori, kwa sababu "lilichelewa" inasikika kama kuongeza. Ukifanya hivyo unapata x = 2 na dakika 40. Hakikisho linakukamata papo hapo: kwa muda huo basi limetembea kilomita 200, lori lililoondoka saa moja na nusu baadaye limetembea kilomita 70 tu, na bado kuna kilomita 180 katikati yao. Jiulize hivi: wakati wanakutana, nani amekuwa barabarani muda mrefu zaidi? Huyo ndiye mwenye namba kubwa. Ukipenda x iwe muda wa lori, basi linapata x + 1.5, na jibu la x litakuwa 2.5. Yote mawili ni halali, ilimradi ile sentensi ya pembeni imeandikwa.

Kufukuza

Basi limeondoka stendi saa 2:00 asubuhi kwa 60 km/saa. Saa 2:20 inagundulika mzigo umesahaulika, na pikipiki inalifuata kwa 80 km/saa. Italifikia saa ngapi?

x = muda wa pikipiki, kwa saa. Basi limekuwa njiani dakika 20 zaidi, kwa hiyo muda wake ni x + 1/3. Sentensi ya mlinganyo hapa haina namba, na ndiyo maana wengi hawaioni: pikipiki inapolifikia basi, vyote viwili vimetembea umbali uleule kutoka stendi.

80x = 60(x + 1/3)
80x = 60x + 20
20x = 20
x = 1

Saa 3:20 asubuhi, kilomita 80 kutoka stendi. Aliyeandika 0.2 badala ya 1/3 anapata x = 0.6, yaani saa 2:56. Muda huo pikipiki imefika kilomita 48 na basi liko kilomita 56. Halijafikiwa.

Kuna njia ya mkato ya kuhakiki: pikipiki inapoanza, basi liko mbele kilomita 20, na pengo hilo linapungua kwa 80 − 60 = 20 km/saa. Pengo linakwisha kwa saa moja. Kwa vyombo vinavyoelekeana unajumlisha mwendokasi, kwa vinavyofukuzana unatoa. Itumie kwa kuhakiki, lakini usiitegemee peke yake, maana vyombo vikiondoka nyakati tofauti, lazima kwanza upate pengo la wakati cha pili kinapoanza.

Jumla ya muda inapojulikana

Mtu anatembea kwa 5 km/saa hadi kituoni, kisha daladala inamfikisha kwa 30 km/saa. Safari nzima ni kilomita 13 na dakika 36, bila kungoja kituoni. Alitembea dakika ngapi?

Hapa kinachoponza ni kuita muda mmoja x na mwingine y, ukabaki na herufi mbili bila sababu. Jumla ni saa 0.6, kwa hiyo akitembea x, daladala imepata kilichobaki, 0.6 − x.

5x + 30(0.6 − x) = 13
18 − 25x = 13
x = 0.2

Dakika 12. Daladala dakika 24: 30 × 0.4 = kilomita 12, na kutembea kilomita 1. Jumla 13.

Kwenda na kurudi, na mtego wa wastani

Gari limekwenda kwa 60 km/saa na kurudi njia ileile kwa 40 km/saa. Safari zote mbili zimechukua muda wa saa 5. Umbali wa kwenda ni kiasi gani?

Safari hii x ni umbali, na nafasi inayojazwa kwa kanuni ni muda: x/60 na x/40.

x/60 + x/40 = 5

Tafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote mbili) ya 60 na 40, ambayo ni 120, uzidishe kila kipande, pamoja na ile 5 iliyo peke yake upande wa kulia. Kuisahau ni kosa la kudumu.

2x + 3x = 600
x = 120

Wastani wa mwendokasi wa safari nzima ni 240 ÷ 5 = 48 km/saa. Si 50. Gari lilitumia saa 2 kwenye mwendo wa 60 na saa 3 kwenye mwendo wa 40, kwa hiyo mwendo wa polepole umepata uzito mkubwa zaidi. Kujumlisha na kugawanya kwa mbili ni sahihi pale tu vipande viwili vina muda sawa, si umbali sawa.

Anayetaka kuona jinsi wastani unavyokatili ajaribu hili: safari ni kilomita 120, nusu ya kwanza umekwenda kwa 30 km/saa. Nusu ya pili uende kwa kasi gani ili wastani uwe 60? Haiwezekani. Wastani wa 60 unadai safari nzima ya saa 2, na hizo saa 2 zimekwisha kwenye nusu ya kwanza. Swali likileta mlinganyo usio na jibu, si lazima uwe umekosea.

Mkondo wa maji

Boti likienda na mkondo, mwendokasi wake ni wa kwake pamoja na wa maji. Likipanda dhidi ya mkondo, unatoa. Boti linashuka mto kilomita 24 kwa saa 2 na kupanda umbali huohuo kwa saa 3. Kwa x ya boti kwenye maji yaliyotulia na y ya mkondo:

x + y = 12
x − y = 8

Jumlisha: 2x = 20, x = 10, y = 2. Hapa herufi mbili zinastahili kwa sababu kuna sentensi mbili.

Swali lilelile linaweza kuulizwa kwa ukali zaidi: mkondo ni 2 km/saa, kushuka na kupanda kilomita 24 kila upande kumechukua jumla ya saa 5, tafuta mwendokasi wa boti.

24/(x + 2) + 24/(x − 2) = 5

Zidisha kote kwa (x + 2)(x − 2):

24(x − 2) + 24(x + 2) = 5(x² − 4)
48x = 5x² − 20
5x² − 48x − 20 = 0
(5x + 2)(x − 10) = 0

x = 10 au x = −0.4. Mwendokasi hasi hauna maana hapa, na hata ungekuwa chanya, boti lenye mwendokasi chini ya 2 lisingeweza kupanda mto huo. Andika kwenye daftari kwa nini umelikataa jibu moja. Msahihishaji anatafuta mstari huo.

"Angeongeza mwendo angewahi"

Safari ya kilomita 300. Dereva angeongeza 10 km/saa angefika saa 1 mapema. Anakwenda kwa mwendokasi gani?

Safari ya pili haikutokea, lakini ina mstari wake kwenye jedwali kama kawaida. Muda halisi ni 300/x, wa kufikirika ni 300/(x + 10). Upi ni mrefu? Wa polepole. Anza na mrefu, toa mfupi, ndipo upate saa 1:

300/x − 300/(x + 10) = 1
300(x + 10) − 300x = x(x + 10)
x² + 10x − 3000 = 0
(x + 60)(x − 50) = 0

x = 50. Saa 6 dhidi ya saa 5, sawa. Aliyegeuza utoaji anapata x² + 10x + 3000 = 0, ambao hauna jibu la namba halisi. Ukikutana na hali hiyo, usihangaike na hesabu za chini, rudi kwenye alama ya kutoa.

Treni lenye urefu wake

Magari tunayachukulia kama nukta. Treni hapana. Kupita nguzo, treni hutembea urefu wake. Kupita daraja, hutembea urefu wake pamoja na wa daraja, kwa sababu bado linavuka hadi behewa la mwisho litoke. Treni limepita nguzo kwa sekunde 9 na daraja la mita 400 kwa sekunde 29, mwendo haubadiliki. Urefu x, kwa mita:

x/9 = (x + 400)/29
29x = 9x + 3600
x = 180

Mwendokasi ni 180 ÷ 9 = 20 m/s, yaani 72 km/saa.

Jibu linaingia akilini?

Mtu hutembea takriban 5 km/saa. Kelvin Kiptum alipokimbia kilomita 42.195 huko Chicago tarehe 8 Oktoba 2023 kwa saa 2 na sekunde 35, wastani wake ulikuwa takriban 21 km/saa. Treni la SGR la Tanzania limesanifiwa kwa 160 km/saa. Ukipata mtembea kwa miguu wa 36 km/saa, pengine umeacha mita kwa sekunde mahali fulani, au dakika haikugeuzwa.

Mazoezi

1. Waendesha baiskeli wawili wanatoka mahali pamoja kuelekea pande tofauti, 18 na 14 km/saa. Baada ya muda gani wataachana kilomita 80?
2. Basi linatoka Nairobi saa 3:00 usiku kwenda Mombasa, kilomita 480, kwa wastani wa 64 km/saa. Linafika saa ngapi?
3. Safari ya kilomita 240 ingepungua saa 1 kama mwendokasi ungeongezwa 20 km/saa. Tafuta mwendokasi wa awali.
4. Treni la mita 150 linalokwenda 54 km/saa linapishana na la mita 210 linalokwenda 90 km/saa, yakielekeana. Yanapishana kwa sekunde ngapi?

Majibu: (1) saa mbili na nusu. (2) Safari ni saa 7 na nusu, linafika saa 10:30 alfajiri. (3) 60 km/saa. (4) Sekunde 9. Ukipata 36 kwenye la nne, umetoa mwendokasi badala ya kujumlisha.